UZI: Bologna, mji uliozika walimu wake juu ya nguzo barabarani

Madam_Matamba

Wakuu habari za jumapili. Nimerudi wiki iliyopita kutoka Italia na kila mtu hapa mtaani ananiuliza umeona nini, nikijibu nilikuwa Bologna wananiangalia tu, wao wanataka kusikia Roma na Venice. Nimeona niweke uzi, atakayetaka kwenda aende anajua anachokwenda kukiona.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, huku nyanda za juu kusini, mwaka wa 17 huu niko kazini. Mdogo wangu wa mwisho anasoma masters Bologna, akanitumia barua ya mwaliko, nikaweka akiba mwaka mzima, likizo ya Juni nikapanda ndege. Siku sita. Mambo ya viza na nauli nitaeleza chini, naomba nianze na kilichonishika maana ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Siku ya kwanza jioni tumetoka kula, saa mbili na nusu usiku lakini Juni kule jua bado lipo, tunatembea taratibu tukapita nyuma ya kanisa la San Francesco, panaitwa Piazza Malpighi. Nikaona vitu vitatu vimesimama kwenye nyasi kando kabisa ya barabara, mabasi yanapita pale pale. Chini nguzo nyembamba, juu yake nguzo tena, katikati jeneza la jiwe, halafu juu kabisa paa la piramidi lenye vigae vya kijani vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Nikajua ni wafalme au maaskofu. Nikamuuliza mdogo wangu hawa ni kina nani akasema "walimu, dada. Walimu wa sheria."

Nilisimama pale muda mrefu sana. Watu wa karne ya 13 hao, Accursio amelazwa na mwanawe Francesco ambaye naye alikuwa mwalimu, jirani yake Odofredo, na wa tatu Rolandino de' Romanzi. Kazi yao ilikuwa kushika vitabu vya sheria ya Kirumi na kuandika maelezo pembeni mwa kila mstari ili mwanafunzi aelewe, yaani wanafundisha, wanasahihisha, wanaandika notisi, kazi yangu mimi na kazi yako wewe mwalimu unayesoma hapa. Na mji ukawainua juu hivyo mahali ambapo kila mpita njia lazima awaone. Miaka zaidi ya 700 wapo. Nilishika ile nguzo kwa mkono nikashindwa kusema kitu.

Naendelea baadaye kidogo, umeme unasumbua.

Mkwawa_Jr

Madam shikamoo. Uzi mtamu huu naweka kambi. Hicho chuo ni cha mwaka gani?

BintiUnguja

Assalam aleikum mwalimu. Mimi nna safari ya Italia na mume wangu mwezi wa tisa inshaallah, naomba ukirudi utueleze na chakula, nasikia Bologna ndo kwenye nguruwe hasa. Pia kama kuna sehemu ya kutembea bila kuchomwa na jua, mume wangu kichwa humuuma.

Madam_Matamba

Marahaba Mkwawa. Waaleikum salaam Binti, chakula nakuja nacho, usihofu.

Mwaka wa chuo wanasema 1088, ndicho chuo kikuu cha zamani kuliko vyote Ulaya. Ila kuna jambo ambalo mdogo wangu alinieleza na mimi nimelipenda, huo mwaka ulichaguliwa baadaye sana, karne ya 19, kamati chini ya mshairi mmoja wa Italia, Carducci, ndiyo iliyokaa ikaamua tuseme 1088, wakasherehekea miaka 800 mwaka 1888. Maana hakuna siku mtu alikata utepe. Kilichokuwepo ni vijana waliotoka mbali kuja kujifunza sheria, wakijichanga wao wenyewe kumlipa mwalimu, darasa ni chumba cha kupanga au sebule ya mwalimu. Wanafunzi ndio walikuwa chuo. Walichagua viongozi wao na mwalimu anaapa kuwatii, akitaka kusafiri anaomba ruhusa kwa wanafunzi, akichelewa kuanza kipindi anapigwa faini.

Mkwawa_Jr

Aisee hapana, mwalimu apigwe faini na wanafunzi? Hiyo shule ingekufa ndani ya wiki mbili huku kwetu.

Madam_Matamba

Nimelifikiria sana hilo Mkwawa na nakujibu kwa moyo kabisa. Wale hawakuwa watoto, wengi walikuwa watu wazima, wengine makasisi, wengine watoto wa matajiri, na walikuwa wageni. Mgeni mjini kwa watu enzi zile hana haki. Mtu wa kwenu akikopa akakimbia, wanakukamata wewe ulipe. Ndiyo maana mfalme Frederick wa Kwanza wa Ujerumani karne ya 12 akawatolea hati ya kuwalinda, kwamba msomi asafiri salama na asikamatwe kwa deni la mwenzake. Kwa hiyo wakajikusanya kwa kabila, wenyewe waliita mataifa, wakawa na nguvu, wakitishia kuhama mji unalegea maana pesa inahama nao. Na kweli walihama, Padova ilipata chuo chake 1222 kwa walimu na wanafunzi waliotoka Bologna.

Sasa Binti, hapo kwenye jua ndo nimefurahi umeuliza, kwa sababu jibu lake linatokana na hao hao wanafunzi.

Bologna yote ina baraza. Wao wanaita portico lakini mimi sijapata neno zuri kuliko baraza, unatembea chini ya nyumba ya mtu, juu yako chumba chake kimeegemea kwenye nguzo na matao, kushoto maduka, kulia barabara. Ukijumlisha zote ni kama kilomita 62, UNESCO waliingiza baadhi yake kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Asili yake ni kwamba mji ulijaa, wanafunzi wanamiminika, vyumba hakuna, wenye nyumba wakawa wanasukuma chumba cha juu kitokeze nje kwenye barabara na kukishikilia kwa magogo. Mji badala ya kuwabomolea ukaweka sheria, 1288, kwamba nyumba mpya lazima iwe na baraza, mwenye nyumba anaitunza lakini mtu yeyote anapita, na iwe juu kiasi cha mtu kupita akiwa kwenye farasi. Nenda Strada Maggiore uone Casa Isolani, baraza yake bado ni ya magogo ya mwaloni, marefu karibu mita tisa, ukiyagusa yana nyufa unaweza kuingiza vidole. Mvua ilinyesha siku ya tatu, kubwa kabisa ya radi, tukatembea nusu saa kutoka upande mmoja wa mji mpaka mwingine na sikufungua mwamvuli. Mumeo atakuwa salama.

NyaliBoy

Salam wadau. Kwetu Mombasa na Lamu baraza ni pa kukaa, watu wapige soga, kahawa. Huko wanakaa ama ni ya kupita tu?

Madam_Matamba

Wanakaa kaka. Mtaa wa Via Zamboni ambao ndio wa chuo, vijana wamekaa chini kabisa kwenye sakafu ya baraza na vitabu na chupa za maji, kuta zimejaa matangazo ya vyumba na maandishi ya kila aina. Ukiwa mtu wa kupenda usafi utasikitika kidogo, mimi nilipenda, maana ni mji wa chuo unaoishi, haujafanywa makumbusho.

Na kama umeenda Juni au Julai utakutana na mahafali. Mtu akimaliza kutetea tasnifu yake anatoka nje familia inamvika taji la majani mabichi kichwani lenye utepe mwekundu, wenzake wanamwimbia dottore dottore, yaani daktari, kwa kelele. Nilimwona binti mmoja na bibi yake, bibi mfupi amevaa gauni la maua, anamrekebishia mjukuu lile taji lisimzibe macho halafu anampangusa shavu kwa kiganja, binti analia bibi analia. Mimi na mdogo wangu tukajikuta tunapiga makofi na watu tusiowajua.

Mzee_Kihesa

Mwalimu nashukuru kwa uzi. Nikuongezee kitu ambacho huenda wengi hawajui. Jimbo Katoliki la Bologna na jimbo la Iringa ni majimbo dada tangu miaka ya 1970, mapadri na masista wa Bologna wamekaa Usokami kule Mufindi miaka mingi, kituo cha afya cha pale wengi wetu tunakijua. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa parokia kule Bologna kwamba unatoka Iringa usishangae akikutajia Usokami kabla hujamaliza.

Madam_Matamba

Baba shikamoo. Ni kweli tupu, na imenitokea! Jumapili baada ya misa mama mmoja mzee aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema "Iringa?" nikamwambia jirani kabisa, Njombe. Akanishika mikono yote miwili. Kiitaliano chake sikukielewa chote lakini Usokami nililisikia wazi, alilitamka kama mtu wa kwetu.

Sasa niwaeleze jumba ambalo kwa mwalimu wa baiolojia ni kama hija. Archiginnasio. Liko hatua chache tu kutoka Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Lilijengwa 1562 hadi 1563 ili masomo yote yakae chini ya paa moja baada ya miaka mingi ya kupanga vyumba, chuo kikakaa humo mpaka 1803. Ukiingia uani angalia kuta na dari, zimejaa ngao za rangi, ngao kama 6,000 zimebaki, za viongozi wa wanafunzi na majina yao na walikotoka. Ulaya nzima iko ukutani. Uani kuingia ni bure.

Ghorofani ndiko kuna chumba cha anatomia, hicho kina tiketi ya euro chache na kataeni uvivu, nunueni mapema mtandaoni kwa sababu wanaingiza kwa saa. Chumba chote ni mbao, kuta mbao, dari mbao, mabenchi yamepanda ngazi ngazi kuzunguka meza moja ya marumaru nyeupe katikati. Juu ya meza ile ndipo mwili wa binadamu ulifunguliwa wanafunzi wakiangalia. Kiti cha mwalimu kiko juu na kina kipaa, na kipaa hicho kimebebwa na sanamu mbili za mbao za watu waliochunwa ngozi, kazi ya Ercole Lelli, 1734. Nilikwenda karibu. Misuli ya paja iko sawasawa, unaona kabisa ule msuli mrefu unaokata paja kwa mshazari kutoka nyonga hadi ndani ya goti, ule ambao nauchora ubaoni kila mwaka na chaki nyekundu. Nilitamani form three wangu wangekuwa nami pale.

Kwenye ukuta kuna sanamu ya daktari ameshika pua mkononi. Huyo ni Gaspare Tagliacozzi wa karne ya 16, alikuwa anatengeneza upya pua za watu waliokatwa kwenye mapigano, anachukua ngozi ya mkono wa mgonjwa mwenyewe, anaishona usoni ikiwa bado imeungana na mkono, mtu anafungwa mkono kichwani wiki kadhaa mpaka ishike. Bila ganzi jamani.

Na mjue chumba hicho kilipigwa bomu tarehe 29 Januari 1944. Walikusanya vipande vya mbao na sanamu kwenye kifusi wakakirudisha kilivyokuwa. Ukijua hivyo unaangalia kila ubao kwa heshima.

Mkwawa_Jr

Dah madam umenipeleka mpaka mle ndani. Wanawake walikuwepo kwenye hiyo historia au ni wazee tu?

Madam_Matamba

Wapo, na nilikwenda kuwatafuta. Palazzo Poggi, Via Zamboni 33, makumbusho ya chuo. Kuna Anna Morandi, karne ya 18, alikuwa akitengeneza viungo vya mwili kwa nta kwa ajili ya kufundishia, jicho, sikio, mikono, kwa usahihi wa kutisha. Amejitengeneza na yeye mwenyewe kwa nta, amevaa gauni la kifahari na shanga shingoni, mbele yake kichwa cha mtu kimefunguliwa na yeye anachambua ubongo. Mume wake yuko pembeni, yeye ameshika moyo. Mke ubongo mume moyo, mimi nilisimama hapo nikatabasamu peke yangu.

Na Laura Bassi, alipata shahada na nafasi ya kufundisha 1732, lakini hakuachiwa kufundisha hadharani kama wanaume, akafungua darasa la fizikia nyumbani kwake akafundisha miaka na miaka, na 1776 wakampa kiti cha fizikia ya majaribio. Miaka 44 hiyo kati yake. Wasichana wangu nimeshawaandikia jina hilo ubaoni.

NyaliBoy

Madam minara je? Nimeona picha za minara miwili moja imelala. Nikija nataka kupanda.

Madam_Matamba

Asinelli mita 97, ngazi 498, na mwenzake Garisenda ndio ulioinama, mita 48. Kaka, hiyo mipango iweke pembeni kwanza, mwishoni mwa 2023 walifunga yote miwili kwa sababu Garisenda umeleta wasiwasi, wamezungushia uzio na kazi ya kuuimarisha ni ya miaka. Unaiona kwa chini tu. Kwa kuangalia mji kutoka juu nenda mnara wa saa wa Palazzo d'Accursio, pale Piazza Maggiore. Mdogo wangu anasema hata ungekuwa wazi asingepanda Asinelli, wanafunzi wanaamini ukipanda kabla ya kuhitimu huhitimu, na yeye amebakiza tasnifu.

Lakini kitu cha kuwahi ni San Petronio, kanisa kubwa la hapo hapo Piazza Maggiore. Ndani kuna mstari wa shaba sakafuni, karibu mita 67, aliuchora mtaalamu wa nyota Cassini 1655, na juu darini kuna kitundu kidogo. Jua likifika katikati ya siku mwanga wa hicho kitundu unapita juu ya mstari. Kwa Juni ni kama saa saba na robo mchana, wahi dakika kumi kabla. Kikaja kiduara cha mwanga sakafuni, kikubwa kuzidi sahani ya chai, kinatetemeka kingo kama maji, kinasogea, unakiona kwa macho yako kinasogea, kikagusa shaba kikavuka. Watu kama ishirini tumezunguka na hakuna aliyeongea. Miaka yote nafundisha kwamba dunia inazunguka, siku hiyo niliiona.

Ukitoka hapo, mbele yake kuna jengo la Podestà, chini yake njia nne zinakutana chini ya kuba. Simama kona moja uso ukutani, mwenzako akae kona ya mkabala, nong'oneni. Mdogo wangu yuko mbali, watu wanapita katikati na mabaiskeli, nikamsikia sikioni kabisa "dada, mama anakusalimia." Mama yetu tulimzika mwaka juzi. Alikuwa na kawaida ya kuanza simu zote hivyo. Tulikaa kwenye ngazi za San Petronio baada ya hapo bila kusema kitu, yeye na mimi.

BintiUnguja

Subhanallah. Poleni sana mwalimu, Mungu amrehemu mama.

Madam_Matamba

Ahsante mwanangu, amina.

Chakula sasa. Umesikia sawa, nguruwe ni mwingi na amejificha. Mortadella, ile soseji nene ya kukatwa vipande, ni nguruwe. Tortellini, vile vipochi vidogo vya unga vya kwenye supu, ndani ni nguruwe. Ile ragù, mchuzi wa nyama, ambayo wao wanaila na tambi bapa za tagliatelle na siyo spaghetti, mara nyingi ina pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, hata kama wanakwambia ni ya ng'ombe. Hata mikate ya kukaanga ya crescentine na baadhi ya piadina, zile kama chapati, unga wake hutiwa mafuta ya nguruwe, yanaitwa strutto, hilo neno likariri uulize "c'è strutto?" Salama kwenu ni tortelloni, vikubwa, ndani jibini ya ricotta, juu siagi na majani ya salvia, vitamu sana. Mtaa wa Bolognina nyuma ya stesheni kuna wahamiaji wengi na bucha na vibanda vya halali. Kahawa kunyweni mmesimama kaunta, mkikaa mezani bei inabadilika.

Viza: ni Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla na yasiwe chini ya siku 15, lakini nyie msingoje hizo 15. Uwanja wa ndege una kitreni cha juu kinakufikisha stesheni kuu dakika saba. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani igonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, mdogo wangu mwaka wa kwanza alipigwa faini na tiketi anayo mkononi. Florence ni chini ya dakika 40 kwa treni ya kasi, ukitaka unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mkiwa stesheni tokeni nje muangalie saa ya ukutani, imesimama saa nne na dakika 25. Tarehe 2 Agosti 1980 asubuhi bomu lililipuka kwenye chumba cha kusubiria, watu 85 wakafa. Majina yako ukutani ndani ya chumba kile kile, na ufa wa mlipuko umeachwa. Watu wanakaa pale na mabegi yao wanasubiri treni. Nilisoma majina yote.

Mzee_Kihesa

Na San Luca ulifika mwalimu? Padri wetu wa zamani alikuwa anaisimulia kila Mei.

Madam_Matamba

Nilifika baba, siku ya mwisho, kwa miguu. Kutoka Porta Saragozza, lango la zamani la mji, mpaka kanisani kilimani ni baraza tupu, karibu kilomita nne, matao 666, ndefu hivyo kwa sababu kila Mei wanashusha picha ya Mama Bikira mjini na hawataki inyeshewe. Kuanzia tao la Meloncello ni kupanda tu, magoti yalinikumbusha milima ya Kitulo kwetu. Nilipofika nilimkuta mzee amekaa kwenye ngazi anamenya chungwa akanipa vipande viwili bila kuniuliza.

Binti, ukifika kule fanya hivi: siku ya kwanza msipange kitu, nendeni Piazza Malpighi jioni kabla giza halijaingia. Halafu siku inayofuata makumbusho ya zama za kati, Via Manzoni, mtafute jeneza la mwalimu Giovanni da Legnano. Hapo kwenye jiwe wamechonga darasa lake, wanafunzi wamekaa kwenye madawati na vitabu vimefunguliwa, kila mmoja na uso wake. Nimepiga picha yao, kesho mtandao ukikaa vizuri naipandisha hapa.